Kitambaa Chini ya Godoro

Trufena,

Ukiyaona maneno haya, ni kwamba umeinua godoro kutafuta kile kitambaa chako na hukukipata. Usishtuke. Hakijaibiwa, na baba yako hajakiona, yuko na injini yake ya treni huko Eldoret. Ninacho mimi. Keti kitandani usome polepole, tena kimyakimya, kwa sababu unajua kuta za landhi hii ya wafanyakazi wa reli hazifiki kwenye mabati. Mama Atieno wa chumba cha pili akipiga chafya, sisi ndio tunaomwambia pole.

Hiyo ndiyo sababu moja ya kuandika badala ya kusema. Nyingine ni desturi. Kwetu Maragoli mambo ya mwili wa msichana hayasemwi na mama yake, yanasemwa na nyanya, nyumbani kwa nyanya, wasichana wakiwa wamelala wote kwenye mkeka mmoja. Lakini wewe ulizaliwa kwenye nyumba za reli. Nyanya yako ulimwona Krismasi, na siku hizo alikuwa na haraka ya kukulisha tu. Reli ilitupa chumba, maji ya bomba na filimbi ya kutuamsha. Nyanya haikutupa.

Tena naandika vizuri. Nilisoma mpaka darasa la tatu, na ningeendelea kama mwalimu hangekuwa mtu wa kukata tamaa upesi. Kutoka hapa mpaka Molo hutapata mwanamke wa rika langu anayeandika barua bila kumwita karani na kumpikia chai. Kwa hiyo ukiona herufi zimelala, vumilia, zimechoka.

Sikuandikii habari za kuamka mapema, wala jinsi ya kumwamkia mama mkwe, wala maziwa yakae wapi. Shangazi zako watakujaza hayo kesho kutoka hapa mpaka Kisumu, na treni hiyo haina haraka. Wao ndio wanaokupeleka kwa Mwalimu Nashon. Mama wa bibi harusi hafuati, anabaki nyumbani akijifanya ana kazi. Basi nikuambie lile ambalo wao hawatakuambia, hata treni ikiharibika njiani.

Jana nilitaka kuanika godoro lako lipate jua kabla hujaenda. Nikakuta kitambaa, kimekunjwa kidogo kabisa, kibichi, kinanuka ile dawa ya kuoshea vidonda. Nikaenda kuangalia chupa yangu juu ya kabati, nikaona imeshuka sana na hapa hakuna aliyejikata. Pembeni ya leso yako nikakuta vidonge vya manjano vimefungwa fundo. Vile vinauzwa na yule bwana wa sokoni ambaye dawa yake moja inatibu meno, ng'ombe na mapenzi. Halafu nikakumbuka vile umekuwa ukikaa kwenye kiti siku hizi, kama mtu aliyekalia siafu. Na juzi shangazi yako aliposema Mwalimu Nashon ni mtu msafi sana, ulitoka nje, ukakaa huko mpaka chai ikapoa.

Najua unachofikiri. Unafikiri Jumamosi ukishafungishwa ndoa, Nashon atanusa, atakurudisha kwa treni ileile, na watu watasema binti wa reli alikuwa ameanza zamani. Kwa hiyo unajiosha ndani kwa nguvu ili mambo yaishe kabla ya Jumamosi. Sasa nisikilize mimi, maana katika landhi hii yote hakuna aliyeugua huko kwa bidii kama mama yako.

Kwanza, kuwa na majimaji si ugonjwa. Mwanamke ana ute wake. Siku nyingine ni mwepesi na wa kuvutika kama ute wa yai, siku nyingine ni mzito na mweupe kidogo, ukikaribia mwezi wako unabadilika tena. Haunuki vibaya, hauwashi, hauumi. Mwili unajisafisha wenyewe, kama jicho. Hujaniona nikiosha jicho kwa sabuni ya kufulia. Ila ukibadilika rangi, ukanuka, ukawasha, ukachoma, hapo ndipo kuna neno. Na neno lenyewe si moja. Kosa langu lilikuwa kufikiri ni moja.

Ilianza wewe ukiwa umeanza tu kutembea, vita vya Wazungu vikiwa bado vinapiganwa. Baba yako leo alikuwa Eldoret, kesho Kampala, na anakolala huko hakuna aliyenionyesha. Nikaona uchafu wa manjano kwenye nguo, mzito kama usaha. Kukojoa kukawa kuchomwa. Baadaye tumbo la chini likaanza kuuma, nikawa natembea nimejikunja kama ninatafuta sindano chini. Nikafanya kama wewe. Nikanyamaza, nikakunja kitambaa, nikakisukuma chini ya godoro.

Unajua kwa nini wanawake wa landhi tunaficha. Kamba ya nguo ni moja, inaanzia mlango wa kwanza inaishia chooni, na kila mwanamume anayekwenda chooni anasoma nguo zako kama gazeti. Basi vitambaa vya mwezi tunavifua giza likiingia na kuvisukuma chini ya godoro. Havikauki. Vinaota madoa. Mwezi ukifika tunavirudisha mwilini vikiwa bado na unyevu, halafu tunashangaa tunawashwa. Nyanya yako, ambaye hajui hata a, alivitandaza vyake juu ya majani nyuma ya nyumba, juani, mahali hakuna mtu anapita. Sisi tulikuja mjini, tukawa wajanja.

Mwishowe nilimwambia Mama Atieno. Alikuwa bado kijana, lakini mdomo ulikuwa huuhuu.

"Mama Trufena," akaniambia, "hiyo ni choo cha landhi. Umepigwa na joto."

"Joto gani?"

"Joto la mikojo ya watu. Jioshe ndani na magadi. Kitu gani kinaweza kushinda magadi?"

Nikajiosha na magadi. Sitaki kukuambia nilifika mlangoni kwa hatua ngapi. Magadi yaliposhindwa tukajaribu shabu, shabu iliposhindwa akaniletea ile dawa inayogeuza maji kuwa pinki, mume wake alikuwa mpishi wa mzungu wa reli na ndiyo waliyooshea mboga mbichi. Nikawa safi kama saladi ya mzungu, na mgonjwa vilevile. Kila nilipojiosha, niliondoa kile kidogo ambacho mwili ulikuwa umekiweka huko cha kunilinda, na kuusukuma uchafu juu zaidi. Lakini hayo niliambiwa baadaye.

Miaka ikapita. Mtoto wa pili hakuja. Majirani wakasema nimefungwa. Watu wa kwao wakaanza kumwambia baba yako aoe mwingine, na walimwambia mbele yangu, nikiwapakulia.

Vita vilipoisha, sindano ya penisilini ikaanza kufikia watu kama sisi. Baba yako naye alikuwa anachomwa akikojoa. Mwanamume huumwa mapema na kwa kelele, si kama sisi ambao mara nyingi hatuhisi kitu mpaka tumeoza. Akaenda peke yake, akachomwa sindano, akapona, akafunga mdomo. Akarudi nyumbani kwangu akiwa mzima kama ng'ombe wa maonyesho. Hazikupita siku nyingi akasimama hapo mlangoni, uso umekunjamana.

"Umenipa ugonjwa, wewe mwanamke."

"Nimekupa? Mimi ambaye safari yangu ndefu ni bombani?"

"Nilikuwa nimepona!"

"Ulikuwa umepona nini?"

Akainama kufungua kamba za viatu. Halafu ng'ambo ya ukuta tukasikia sauti ya Mama Atieno, taratibu kabisa: "Jibu, Baba Trufena. Ulikuwa umepona nini?"

Kesho yake nikaenda hospitali, kliniki ya wanawake. Sista alikuwa mtu wa maneno machache, mkono mwepesi.

"Ilianza lini, mama?"

"Mtoto wangu akianza kutembea."

"Sasa mtoto yuko wapi?"

"Yuko shule, anajua kusoma."

Akaweka kalamu chini. Akaniangalia kwa chuma chao, kinatisha kwa macho kuliko kinavyouma, akachukua uchafu kidogo akaupaka kwenye kioo, ukaenda kutazamwa kwa ile mashine ya kukuza vitu. Akarudi.

"Ni kisonono. Dawa iko. Mume yuko wapi?"

"Yeye ameshachomwa."

"Alichomwa peke yake, akakurudia ukiwa nacho. Nikikuchoma wewe peke yako leo, ni mchezo uleule. Mnarushiana mpira. Mlete."

Unajua mimi silali na neno. Nikabeba chakula cha mchana mpaka karakana ya reli, ilikokuwa injini yake siku hiyo, wenzake wote wapo, nikasimama pale penye mwangwi.

"Baba Trufena! Hii ni sufuria yako, na sindano yako iko hospitali inakungoja!"

Walicheka mpaka mmoja akaangusha spana. Baba yako akachukua kofia, akatembea mbele yangu mpaka hospitali kama mtu asiyenijua. Lakini alikwenda, na hilo nampa. Wako wanaume ambao hata ukiwaletea daktari mezani watasema ni wewe mchafu.

Tukachomwa sote. Tumbo likatulia. Halafu sista akaniita pembeni, akaniambia ugonjwa umetoka lakini ulikaa sana, mirija ya uzazi imepata makovu, na hajui kama nitabeba tena. Sikubeba. Ulipokuwa mdogo ukiniuliza kwa nini huna ndugu, nilikujibu kwamba nilipata mzuri mara ya kwanza, sikuona haja ya kujaribu tena. Hiyo ni kweli. Hii ndiyo kweli nyingine. Nakuandikia ili uijue tu. Usiililie, mimi nilishamaliza.

Sasa fika hapa, maana hapa ndipo panapokuhusu wewe.

Baada ya zile sindano nikaanza kuwashwa. Kuwashwa, Trufena! Nilitamani kujisugua kwenye ukuta kama punda. Na uchafu umerudi. Nikamkamata baba yako shati. "Umekwenda wapi tena?" Maskini ya Mungu, kwa mara ya kwanza alikuwa hana hatia, na hakuna aliyemwamini, hata Mama Atieno. Nikarudi kwa sista nikitaka sindano nyingine, kubwa zaidi.

Akaniuliza, "Uchafu wenyewe ukoje?"

"Mweupe. Kama maziwa ya mgando."

"Unanuka?"

"Haunuki. Unawasha tu, na ngozi ni nyekundu."

Akacheka. "Hiki si kisonono. Huu ni ukungu. Ile sindano iliua wabaya, ikaua na wazuri waliokuwa wanalinda mlango, basi ukungu ukapata shamba. Nikikuchoma tena nitaupalilia."

Akanipaka dawa ya zambarau huko ndani, na akanipa nyingine nikajipake. Ni dawa nzuri, lakini haijui siri. Nguo zikawa zambarau, shuka zambarau, mpaka sabuni. Na sista alikuwa amesema kila kitambaa kichemshwe, kianikwe juani mpaka kikauke kabisa, kama sivyo nitajirudishia mwenyewe. Basi nikatoka navyo, nikavianika kwenye ile kamba, katikati, palipo na jua.

Milango ikafunguka mmoja mmoja. Mama Atieno akatoka na beseni lake, akatazama.

"Mama Trufena, hiyo rangi ni ya nini?"

"Ni dawa ya huko chini. Unataka?"

Akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akanisogelea. "Inatibu kuwashwa?"

Kumbe! Miaka yote hiyo ananiosha kwa magadi, na yeye mwenyewe amekalia moto. Nilimpeleka. Baada yake wakaja wengine, na nikikuambia nilihamisha nusu ya landhi mpaka kile kibao cha kungojea, nimepunguza.

Kwenye kibao hicho ndipo nilipomaliza darasa langu la nne. Mmoja alikuwa na maji mepesi ya kijivu, yananuka kama samaki, na akishakuwa na mumewe yananuka zaidi. Alikuwa anajiosha ndani kila siku, sista akamwambia aache kwanza hilo. Mwingine, uchafu wake ulikuwa wa kijani na mapovu, wakaona kwenye kioo vidudu vinavyoogelea, akapewa vidonge vya kuingiza ndani, matibabu marefu, na mume naye akaitwa. Yuko msichana aliyenuka mpaka tukasogea, na kumbe alisahau kitambaa ndani tangu mwezi uliopita, kikatolewa, akapona, akacheka kuliko sisi. Na yuko mama mzee, miezi yake iliisha zamani, akaanza kuona maji yenye damu. Akatuambia ujana umerudi. Tulicheka sana. Sista hakucheka. Alimpeleka hospitali kubwa siku ileile. Yule mama hakurudi tena kwenye kibao. Damu isiyo na wakati wake, usiitanie hata siku moja, yako au ya mtu mwingine.

Sasa wewe. Mwezi uliopita ulichomwa sindano nyingi za penisilini kwa ajili ya lile jipu la kwapa. Kitambaa chako nimekiangalia vizuri na sioni haya kukuambia. Ni maziwa ya mgando. Kama ningekuwa mtu wa kucheza kamari ningesema ni ukungu, na hiyo dawa ya vidonda unayojimiminia inauchoma mlango tu na kuuacha ukungu ukicheka. Msichana ambaye hajajua mwanamume anaupata. Mjamzito anaupata. Mwenye ugonjwa wa sukari anaupata kila mara. Ukungu haupimi tabia ya mtu.

Lakini macho yangu hayana ile mashine. Naweza kukosea, na mambo mawili yanaweza kukaa pamoja kwenye kitambaa kimoja. Na kama kuna lingine ambalo mimi sijui, sikuulizi. Mwambie sista. Yeye kazi yake ni kunyamaza. Mimi nina mdomo, unanijua.

Vile vidonge vya manjano nimevitupa chooni. Hata kama vingekuwa dawa ya kweli, ni dawa ya nani, ya ugonjwa upi?

Kuhusu Nashon. Ukipakwa ile dawa, sista atakuambia ungoje siku kadhaa kabla ya kulala na mume. Utalazimika kumwambia, usiku wa kwanza kabisa, na hakuna shangazi atakayekufundisha maneno. Mwambie hivi tu: niko na dawa, hospitali wamesema tungoje. Akiuliza zaidi, mjibu. Yeye ni mwalimu, anafundisha watoto habari za minyoo, hili litamshinda nini? Na ikiwa siku moja huko mbele sista mwingine atasema ni ule wa kurushiana mpira, msikubali mmoja aende peke yake. Siri, yangu na yake, ndiyo iliyoniachia wewe tu. Simlaumu baba yako, yeye alijifunza. Nasema ilivyokuwa.

Na huko kwa wakwe, vitambaa vyako vipate jua. Kama kamba yao inaonekana barabarani, tafuta majani nyuma ya nyumba, kama nyanya yako.

Mpango wa kesho ni huu. Treni yenu ni ya mchana. Kliniki inafunguliwa asubuhi. Shangazi zako nimewaambia wewe na mimi tunakwenda mjini kutafuta utepe wa kofia, na wanajua mimi huchagua utepe kwa muda mrefu, hawatauliza. Nitakuwa nimekaa kwenye kiti mlangoni, nimevaa viatu vyangu vya kanisani. Ukitoka umevaa sweta lako la buluu, tunakwenda. Njiani nitakuhadithia tena zile habari zangu za Mombasa, zenye chumvi, jinsi nilivyokula mezani na mabwana wa meli, sitagusa hili neno hata kidogo. Ukitoka bila sweta, nitakupikia chai, nitakusindikiza stesheni, na utasafiri na mzigo wako. Baba yako nilimtoa karakana kwa makelele kwa sababu yeye alikuwa mtu mzima na alistahili. Wewe sikuburuti.

Kitambaa chako nimekichemsha. Jua likianza kutoka nitakianika kwenye kamba, katikati, kando ya shuka za Mama Atieno. Atauliza ni cha nani, huyo hawezi kupita bila kuuliza. Nitamjibu ni changu, kwa ile sauti yangu ya karakana, mpaka wa mlango wa mwisho asikie.

Vaa sweta.

Mama yako